Fiwi

Tulikata fiwi siku tuliyofiwa.
Asubuhi panga, saa sita simu
kutoka hospitali ya wilaya,
na majani tukayaacha pale pale, lundo moja,
tukatupia turubai
tukaenda Mpwapwa kumchukua baba.

Siku nne za matanga.
Wageni wa Kongwa na Kibakwe wamelala uani,
sufuria za watu hatuzijui zimejaa jikoni.
Chini ya turubai hakuna aliyechungulia.

Nilisoma kidogo, mwaka na nusu chuo cha mifugo,
hadi ada iliponirudisha Chunyu.
Namkumbuka mwalimu Chilewa
akichora jani ubaoni kama ramani ya wilaya:
Jani likikatwa halifi papo hapo.
Halijui.
Ndani yake mna vimeng'enya, vibarua wa zamu ya usiku;
jana vilibomoa protini kuukuu
ili jani lijenge mpya.
Leo mzizi haupo, maji hayaji,
hakuna cha kujengwa,
vyenyewe vinabomoa tu.
Nani aviambie?

Siku ya tatu, saa kumi na moja kasoro alfajiri,
simu ya baba ikaita kabatini.
Kengele ya kukamua.
Tuliisikia sote, hakuna aliyethubutu kuizima.
Nje, Kiinua,
ng'ombe aliyemnunua kwa kiinua mgongo cha reli,
akasimama,
akageuzia shingo mlango wa jikoni.

Siku ya tano tukafunua.
Mvuke.
Mkono wangu uliingia hadi kiwiko
ukatoka na joto la chungu cha togwa.
Kijani kimegeuka tumbaku.
Ndahani akasema tutupe.
Nikasema hapana, shimo si lipo,
baba alilichimba mwenyewe, futi sita,
kuta kazipiga sululu hadi zikanyooka.
Watu waliniangalia
niliposema shimo.

Tukashindilia kwa miguu, mimi na shemeji Loisi,
molasi nusu debe, nailoni, udongo, mawe.
Uchachu ndio unaovizima vile vibarua,
alisema mwalimu, uchachu ukiwahi.
Ukichelewa, protini imekwisha kuwa vipande,
na vipande vimekwisha kuwa harufu.

Septemba.
Upepo wa huku unaujua, unakula hata rangi ya milango.
Mashambani yamebaki mabua ya uwele.
Nikafungua shimo
amonia ikanipiga kama choo cha stendi.
Kiinua alikula. Alikula yote, maskini,
akanipa lita moja na nusu,
kisha moja,
kisha kikombe cha kunitia aibu.
Zizini mkojo wake ukawasha macho:
kumbe ndiko ilikokwenda,
fiwi yote ya Aprili,
inamwagwa mchangani.

Mama hajui kimeng'enya ni nini.
Akichuma mlenda asubuhi
saa nne uko juu ya bati, umetandazwa mwembamba,
jioni unavunjika kiganjani.
Jani usiliache likae linawaza, husema,
na anaendelea kupepeta, hata hanitazami.

Mwaka huu nimekata umande ulipokauka tu.
Nimetandaza, nimegeuza, nimegeuza tena,
jua la Chunyu likainyonya hadi ikalegea.
Tumeikatakata vipande vya kidole,
kabla ya magharibi nailoni iko juu
na Loisi anacheza juu yake viatu mkononi,
anatoa hewa ya mwisho.
Sijui itakuwaje. Nitajua Septemba.

Simu ya baba ingali kabatini.
Betri iliisha yenyewe, mwaka ule ule, matanga hayajaanuliwa.
Lakini saa kumi na moja kasoro
nikitoka na tochi
namkuta Kiinua amesimama zamani,
shingo imegeukia mlango.

Simwambii kitu.
Nachukua ndoo.